Vitako vya Mwaitu

Mwaitu, ndivyo Mutanu alivyomwita mama yake kwa Kikamba chao, alikuja Sydney Februari ya 2020 kumtembelea bintiye miezi mitatu tu, kisha arudi zake Kitui. Ndege zikakatizwa, na zilizobaki nauli yake haishikiki. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukaota mkia, na mama wa watu bado yuko Mount Druitt, kitongoji cha Sydney, anatazama ua wa jirani.

Kilichomkosesha raha hakikuwa baridi. Kule nyumbani alikuwa na wenzake kumi na wawili katika kikundi cha kusuka viondo, vile vikapu vya katani, na viondo ndivyo vilivyowalisha na kuwasomeshea watoto. Wote walijua kusuka, lakini kuanza kitako, pale chini pa kiondo, walimwachia yeye. Akianza yeye, kiondo kinasimama wima. Wakianza wenyewe, kinakaa upande na mnunuzi anakipita. Sasa mwanzishaji kakwama ng'ambo! Basi akamtuma Mutanu kamba ya katani dukani, akaifumua yote kwa kuwa ilisokotwa na mashine, akaisokota upya pajani, akaanza vitako. Siku ya kurudi angevitia sandukuni, wenzake wavipandishe. Hilo ndilo lililomwamsha kila asubuhi.

Mutanu mwenyewe hakuwahi kusuka. Alisoma shule ya bweni, akaja kuwa mtunza wazee, mtu wa mbio mbio. Akimkuta mama yake na nyuzi mapajani alisema tu, kumbe unajiliwaza, Mwaitu. Hakuuliza zaidi. Laiti angeuliza.

Agosti ya 2021, katikati ya lokdauni, ugonjwa ukaingia nyumbani. Mutanu ndiye aliyeuleta kutoka kazini, na hilo hatalisahau. Mwaitu akachukuliwa na ambulensi, na wageni hawaruhusiwi. Mutanu akabaki kufungiwa ndani, roho juu, mikono haina kazi. Ndipo akaingia chumbani kwa mama ili akikute safi akirudi. Juu ya kabati akaona vitako arobaini, vya duara, vizuri ajabu, kila kimoja na nyuzi ndefu zikining'inia pembeni. Masikini, akadhani ni vikeka vya kuwekea sahani, bado kumaliziwa tu. Akachukua mkasi. Siku mbili nzima akazikata nyuzi zote, akizilinganisha kingo kwa uangalifu wa mtu anayependa.

Muuguzi mmoja wa hospitali aliwashikia simu waonane. Mutanu akaviinua vile vitako kimoja kimoja mbele ya kamera. Mwaitu, barakoa ya oksijeni usoni, akavitazama kwa muda mrefu.

“Vimependeza, mwanangu,” akasema. “Umechoka. Kalale.”

Akafariki siku ya tatu. Wakamzika watu kumi, wengine wakitazama kwenye simu.

Wiki iliyofuata Mutanu alimpigia Syokau, mwenyekiti wa kikundi, kumwambia kwamba atawatumia kwa posta vikeka alivyoacha mama, viwe kumbukumbu, na wasipate shida, nyuzi zote keshazikata. Syokau akamweleza taratibu, maana hakutaka kumwumiza mfiwa: zile nyuzi ndizo kuta za kiondo. Kitako hupandishwa kwa hizo, na zikikatwa hakipandi tena.

“Mama yako aliviona?” Syokau akauliza.

“Aliviona.”

“Akasemaje?”

“Alisema vimependeza,” Mutanu akajibu, na hapo ndipo kilio alichokizuia tangu mazishini kilipomtoka.