Stoo Inatosha Watu Wawili

Semina ya siku moja, tena ya bure, ndiyo iliyomharibu Mzee Futi. Kabla ya hapo alikuwa mstaafu wa kawaida, mwenye nyumba ya kutosha, mke mmoja fundi cherehani, na kikohozi cha asubuhi. Watoto wao wanne walikuwa wameshaondoka kwenda kwao, wakabaki wawili na nafasi. Ndipo akaenda kwenye semina ya wawekezaji wa nyumba za kupangisha, akarudi na kijitabu cha kurasa ishirini na sentensi moja aliyoirudia mpaka ikawa kero: nyumba unayoilalia ni mali iliyolala.

Siku hiyohiyo alichukua futi kamba kwenye cherehani ya mkewe, akaivaa shingoni na kuanza kupima. Hakuirudisha. Jina la Mzee Futi alipewa na wapangaji, naye akalipenda, kwa kuwa kijitabu kilisema mwekezaji lazima ajulikane.

Vyumba vya watoto vilienda kwanza, na hapo hakuna aliyelalamika. Kisha sebule ikakatwa katikati kwa plaiwudi, upande mmoja akaingia nesi, upande wa pili kinyozi, na kila mmoja akawa anajua mwenzake amegeukia wapi kitandani. Mapishi yakahamia uani chini ya bati mbili, na jiko lenyewe likatangazwa kuwa "chumba chenye hewa ya kutosha", maana dirisha lake halikuwa na kioo. Kijitabu kilikuwa pia na kurasa nne kuhusu matengenezo. Hizo alizikunja, akasema atazirudia akitulia.

Hakutulia. Mtaro wa maji machafu uani ulikuwa umeziba kwa miezi, ukioga wewe maji yanaenda kumsalimia jirani mlangoni. Wapangaji walimwambia mara nne. "Nimewasikia," alijibu kila mara, na kweli alikuwa amewasikia.

Kikabaki chumba kimoja tu, chake na mkewe. Humo mkewe alikuwa amelala miaka ishirini na saba, humo aliuguza homa za watoto wanne, na cherehani yake ilikaa chini ya dirisha, penye mwanga.

"Mama watoto," Mzee Futi akamwambia asubuhi moja, "nimefikiri. Sisi tuhamie stoo."

Stoo ilikuwa na makopo ya rangi iliyokauka, mlango mbovu usio na bawaba, na panya waliozoea watu.

"Stoo ina ukubwa gani?" mkewe akauliza.

"Futi saba kwa tano. Inatosha watu wawili wanaopendana."

"Na cherehani yangu?"

"Utakaa nayo uani. Upate hewa."

Mkewe akamtazama. Moyo ulimuuma, wala hakuficha. "Matofali ya nyumba hii nusu ni sare za shule za watoto wa watu," akasema. "Nimezishona mpaka macho yakaisha. Sikuwahi kukudai kitu. Chumba hiki tu."

"Usilete hisia kwenye biashara," akajibu mumewe. Hiyo ilikuwa ya ukurasa wa tatu wa kijitabu.

Mkewe hakubishana tena, na Mzee Futi akajihesabia ushindi. Akabandika tangazo langoni: chumba kikubwa, futi kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kisha akaandaa mkataba kwa kunakili ule uliokuwa nyuma ya kijitabu na kuongeza ukali wake mwenyewe. Kifungu cha tano alikitunga kwa raha: mgeni wa mpangaji asilale zaidi ya siku mbili. Cha tisa: anayetaka kuuvunja mkataba, awe nani, atoe notisi ya miezi mitatu. Cha saba alikinakili tu, mkono ukiwa mbele na akili nyuma.

Jumamosi akatoa meza uani kwa ajili ya usaili. Mtu wa kwanza kufika alikuwa mkewe. Amevaa gauni lake la kutokea, mkoba kwapani, akasimama mbele ya meza kama mtu aliyekuja ofisini na shida yake.

"Nimekuja kuhusu chumba," akasema.

Mzee Futi akacheka. Alicheka mpaka mkewe alipofungua mkoba na kuweka mezani kodi ya miezi sita, noti zimekunjwa kwenye kitambaa cha sare. Hapo kicheko kikamkauka. Akili ya mwekezaji ikaanza kukimbia: mke atalipa, na yeye atalala kitanda kilekile. Chumba kinazaa na bado anakilalia. Watu wote waliojazana kwenye semina ile, hakuna aliyewaza hilo. Alitamani kumpigia simu yule mtoa mada amfundishe.

Lakini kazi ni kazi. Akamwuliza maswali.

"Shughuli yako?"

"Fundi cherehani."

"Una watoto?"

"Wanne. Wako kwao."

"Umeolewa?"

Mkewe akafikiri kidogo. "Nilikuwa nadhani hivyo," akasema.

Kabla ya kutia sahihi aliomba ile futi, akaingia ndani kupima. "Kumi na moja na nusu," akasema alipotoka. "Rekebisha." Mzee Futi akarekebisha. Nesi na kinyozi wakaitwa kuwa mashahidi, wakasaini haraka mno, kana kwamba mtu angebadili mawazo. Futi ikarudi kwenye cherehani.

Jioni Mzee Futi akaingia chumbani na kujitupa kitandani, akijisifu moyoni. "Karibu mgeni," mkewe akasema, akamletea chai kwa kikombe cha wageni. Akaona ni utani, tena utani mtamu. Siku ya pili akaletewa kikombe kilekile, akaulizwa na safari yake ni lini. Akacheka peke yake.

Siku ya tatu alipoamka alikuta jembe limeegemezwa kitandani. Pembeni yake palikuwa na mkataba, kifungu cha tano kimepigwa mstari kwa chaki ya kukatia nguo.

"Hii nini?"

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe akalime," mkewe akasema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Mimi shamba sina. Nina mtaro."

"Mimi ndiye mwenye nyumba hii."

"Ndiyo. Kwa hiyo na mtaro ni wako."

Alipotoka nje na jembe kutafuta watu wa kumwonea huruma, aliwakuta wapangaji wote uani, kila mtu na kigoda chake. Kurudi ndani hawezi, na jembe liko mkononi. Akachimba. Akatoa matambara, akatoa nusu ndoo, akatoa nywele za wateja wa kinyozi za mwaka mzima. "Mzee, hapo bado futi mbili," kinyozi akamwelekeza kwa adabu. Adhuhuri maji yakashuka na kwenda zao.

"Kumbe ilikuwa kazi ya nusu siku," nesi akasema.

Neno hilo lilimchoma kuliko malengelenge, maana lilikuwa la kweli.

Akaenda chumbani, matope yamemfika magotini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Miaka ishirini na saba hakuwahi kuubisha mlango ule, hata hakujua aanzie wapi.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba anatoa taarifa siku moja kabla ya kuingia. Kifungu cha saba."

Cherehani ikaendelea kulia. Aibu ikampanda mpaka masikioni. "Basi tuuvunje huu mkataba," akasema.

"Miezi mitatu. Kifungu cha tisa."

Uani kinyozi akakohoa. Mzee Futi akaegemeza paji la uso kwenye mbao na kushusha sauti, wapangaji wasisikie.

"Ni mimi, mume wako."

Cherehani ikanyamaza. Akasikia kiti kikisogezwa, akajipangusa matope kwenye suruali.

"Mume wangu umemkosa," sauti ikasema, karibu kabisa na mlango. "Ana makazi yake, futi saba kwa tano, yanatosha watu wawili wanaopendana. Mwangalie stoo."