Programu Isiyoitwa Cheche

Mama aliomba jambo moja tu, tena kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kusogezewa nafasi kwenye benchi. Binti yake alikuwa amemaliza kuandika programu baada ya miezi saba ya kuikodolea macho kompyuta, ikabaki kuipa jina. "Ipe la baba yako," mama alisema. Binti hakusita. Alimkumbatia, akaandika juu ya kazi yake: Cheche.

Ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimjua nalo marehemu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwa miaka thelathini mageti, madirisha na vitanda vilitoka mikononi mwake. Mageti yake yapo mpaka leo, lakini hakuna hata moja lililoandikwa nani alilichomelea. Huu ulikuwa mwaka wa nne tangu azikwe, na wale waliokuwa wakipita na kusema "hapa ndipo kwa Cheche" walikuwa wakipungua. Mama hakumlaumu mtu. Alimshukuru Mungu kwa kila kitu, hata kwa hilo, ila moyoni lilimkaa.

Programu yenyewe alielezwa akaielewa. Zahanati huweka kadi za wagonjwa kwenye kompyuta, na mara nyingi mtu mmoja hujikuta ana kadi mbili, kwa kuwa karani huyu aliandika hivi na yule akaandika vile. Programu ya binti huziweka kadi zinazofanana ubavu kwa ubavu, kisha humsubiri binadamu aamue. Yenyewe haifuti kitu. Ingepandishwa Jumatatu kwenye hazina ya pamoja, mahali ambapo waandishi wa programu huchukua kazi za wenzao na kuzitia ndani ya kazi zao, na karani wa zahanati angeikuta kwenye kompyuta yake kwa jina lilelile. Na jina likishapanda, ndiyo basi. Wengine watakuwa wameshaliandika ndani ya kazi zao, na ukilibadilisha umewaangusha wote. Hilo mama alilipenda kuliko yote. Jina lisilobadilishwa.

Alhamisi binti alifanyia kazi nyumbani, akaja mwenzake wa ofisini, bwana mmoja mpole wanayemwita Miwani kwa sababu huivaa kichwani na kuitafuta mezani. Alimwamkia mama shikamoo mara mbili kwa kusahau, mama akaitikia zote mbili. Wakakaa mezani, mama akaendelea kupiga pasi pembeni. Hakukusudia kusikiliza, ila chumba kilikuwa kimoja.

Walikuwa wakisafisha kazi ya zamani ya ofisi, iliyojengwa kwa programu ndogondogo za watu mbalimbali. Miwani alikuwa akisoma orodha kwa sauti. Programu moja ilikuwa na jina la paka wa mtu, nyingine jina la sayari. Mama alishindwa kujizuia, akauliza kama kwao hata jembe huitwa jina la paka.

"Sisi, mama, jembe tunaliita paka," Miwani akasema, "halafu paka mwenyewe tunampa namba."

Walicheka wote watatu. Kisha wakafika kwenye programu yenye jina la mwanamke. Binti alidhani ni ya mambo ya picha, Miwani hakudhani chochote. "Mtoe huyo," alisema, "amekaa tu humu." Wakamtoa, na taarifa zote za mwezi zikagoma kufunguka. Wakamrudisha. Ilikuwa karibu saa nzima kabla hawajagundua kwamba kazi yake ni kupanga tarehe. Miwani akafuta jasho, akasema huyu bibi kawasumbua kweli. Binti akasema labda alikuwa mama wa mtu.

Miwani yeye alishashuka chini ya orodha, kwenye kazi mpya zinazosubiri kupandishwa. "Na hii Cheche? Ya mambo ya umeme?"

Binti alieleza kwamba ndiyo ile ya kadi, na jina ni la marehemu baba. Miwani aliomba radhi, akasema ni jina zuri, linatamkika. Mama aligeuza shati akaanza kupiga pasi upande ule ule aliokwisha kuumaliza.

Usiku aliuombea moyo wake utulie, haukutulia. Asubuhi akaenda kazini kama kawaida. Kazi yake ilikuwa hospitali, kwenye chumba cha kutakasia vifaa: mikasi, koleo na sindano huoshwa, hupangwa, hufungwa kwa kitambaa, huingizwa kwenye mtungi wa mvuke, halafu huwekwa rafuni. Juu ya kila fungu kuna kipande cha utepe kilichoandikwa kwa kalamu: vilivyomo, na tarehe. Alifunga mafungu sita. Kwenye la saba, lililokuwa la kushonea wazazi, mkono ukamsimama.

Jioni alimwambia binti jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, isipokuwa kwenye sala.

Zamani, alisema, walikuwa na daktari mmoja wa wodi ya wazazi, mtu mrefu, aliyependa fungu lake la kushonea lipangwe kwa namna yake. Mama alikuwa akimpangia, na juu ya utepe akiandika tu, Daktari Mrefu. Kila mtu alijua. Siku moja daktari akahamishwa, akaja mkunga mgeni, na mzazi mmoja akawa anavuja damu. Mkunga akakimbilia rafuni kutafuta vifaa vya kushonea. Mafungu mawili yalikuwa mbele ya macho yake. Akayasogeza kando, maana ya Daktari Mrefu ni ya Daktari Mrefu, atayagusaje, akakimbilia wodi nyingine.

"Akafa?" binti aliuliza.

"Hakufa. Mungu alimsimamia. Ila damu ile haikuwa na haja ya kumwagika. Na hakuna aliyenilaumu, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba nilikosa."

Binti alielewa anakopelekwa, akakataa kwenda. Alisema kompyuta si wodi. Alisema watu watazoea, majina yote ya ajabu watu huyazoea. Kisha macho yakamjaa, akasema lililokuwa chini ya hayo yote: "Kwa hiyo baba hapati hata hiki."

"Mimi ndiye niliyelitaka, mwanangu. Wewe ulinikubalia kwa kunipenda. Yule karani hamjui baba yako. Atakuwa na foleni mlangoni na kadi mbili mkononi, anatafuta cha kumsaidia, na atakipita."

Binti alifuta macho. Kisha wakaanza kutafuta jina jingine, kwanza bila moyo, baadaye kwa mabishano. Binti alipendekeza Kadi Pacha. Mama akasema wodi ya wazazi ina mapacha wa kweli, karani atadhani ni programu yao. Binti akataja Mpatanishi, mama akauliza nani kagombana. Mwishowe likaja Linganisha-Kadi. Binti alilalamika kwamba halina ladha hata kidogo.

"Hatafuni mtu hapo," mama akasema.

Binti akaandika, akaangalia, akaongeza neno mwishoni: Linganisha-Kadi-Cheche. Akamgeuzia mama kompyuta. Mama aliyatazama yale maneno matatu muda mrefu. Yalipendeza. Akamwona karani akilisoma la tatu na kusita, akijiuliza kama ndilo hili au lipo jingine lisilo na Cheche.

"Inauma," alisema. "Litoe."

Binti alifuta herufi moja moja, sita zote, polepole. Mama alizitazama mpaka ya mwisho.

Jumatatu asubuhi programu ilipanda. Aliyebaki kuambiwa ni wifi yake, dada wa marehemu, ambaye mama alikuwa amemtangazia habari kabla ya wakati, naye akawatangazia wengine. Mama alimpigia kabla hajavaa viatu. Alimweleza kwamba jina si Cheche tena, na kwamba aliyelikataa si mtoto, ni yeye.

"Sasa inaitwaje?" wifi akauliza.

"Linganisha-Kadi."

"Na inafanya ni—" Wifi akaacha swali katikati. "Ah. Inalinganisha kadi."

"Ndiyo, wifi," mama akasema, akaketi kitandani, na hapo ndipo machozi yakamtoka.