Kishikwambi Kilichokataa Chaja za Watu

Mkunga alikuwa amebakiza kete moja tu amle dada yake, ndipo kishikwambi kilipozima. Kilizima papo kwa papo, kama mtu aliyekatwa kauli, akabaki anajitazama kwenye kioo cheusi, miwani puani na kidole kikining'inia hewani. Chaja yake ya asili ilikuwa imeungua juzi yake, umeme uliporudi kwa kishindo, na tangu hapo alikuwa akicheza kwa chaji iliyobaki huku akijidanganya kwamba itamfikisha.

Tangu astaafu kazi ya kuzalisha, huo ndio uliokuwa mchezo wake. Kila alasiri yeye na dada yake mkubwa, aliyeishi mji mwingine, walicheza drafti kwenye kishikwambi. Dada hakujua kushindwa. Akishindwa alisema macho yalimwuma. Akishinda alipiga simu kusimulia alivyoshinda, kana kwamba mwenzake hakuwepo. Safari hii alipiga simu kabla hata jioni haijaingia, akauliza kwa sauti ya huruma kama mdogo wake ameona mambo magumu akaamua kukimbia.

Binti yake Mkunga ndiye aliyemnunulia kishikwambi, lakini kava lilikuwa kazi ya mkwe. Mkwe alikuwa fundi viatu, mtu mpole asiye na maneno mengi, ambaye kwa mama mkwe wake hukalia ukingo wa kiti kana kwamba mwenye kiti yuko njiani anarudi. Siku kishikwambi kilipoanguka kutoka meza ya jikoni, alikichukua kimyakimya, akakirudisha kimevishwa ngozi ya kahawia ya tabaka mbili, kimeshonwa kwa uzi wa nta pande zote. Palikuwa na dirisha la kioo, vitundu vya sauti na kitundu cha chaja, basi. Pa kukivua hapakuwepo. Kava na kishikwambi vilikuwa vimeoana. Alikikabidhi kwa mikono miwili. Mkunga alikipenda mno, akakizungusha mtaa mzima kuonyesha watu, na kila aliyekishika aliambiwa ni kazi ya nani.

Sasa ikaanza kazi ya kutafuta chaja. Binti alileta ya kwake: kimya. Jirani akaazima ya mwanawe: alama ya radi ikatokea kwenye kioo, ikapotea kabla hawajamaliza kufurahi. Mkwe akasema hilo aachiwe yeye. Akanunua chaja mpya duka la kona, ikagoma. Akarudi nayo dukani, akamwambia muuzaji maneno ambayo hakuna aliyejua kwamba mkwe anayo. Akanunua nyingine kwenye duka la vifaa vya redio, nene, yenye taa ya bluu, ambayo muuzaji aliapa inachaji kufumba na kufumbua. Nayo ikagoma, na muuzaji huyo naye akapata sehemu yake.

Mkwe alifikia uamuzi kwamba kosa ni la kiwanda. Wenye kiwanda, alieleza akiwa ukingoni mwa kiti, wamekitia kishikwambi wivu: kikishikwa na chaja isiyo ya nyumbani kwao, kinajifunga. Mkunga alisikiliza kwa makini, akatikisa kichwa na kuwasikitikia wenye kiwanda kwa roho yao mbaya.

Asubuhi iliyofuata akakitia mkobani, akaenda kwa fundi simu.

Fundi simu alikuwa mwanamke mnene mchangamfu, mwenye kibanda chembamba hivi kwamba aliingia kwa ubavu. Alikipokea, akakigeuza, akasifia ushonaji. Akamulika tundu la chaji kwa tochi, akachokoa vumbi kwa kijiti cha meno, akapuliza. Kisha akachomeka chaja yake. Hakuna kitu. Akaisukuma kwa dole gumba mpaka kucha ikawa nyeupe, na radi ikatokea. Akaachia, ikapotea. Akasukuma tena, ikarudi.

Akatoa chaja nyingine kwenye droo, kuukuu, yenye kichwa chembamba kama cha ile iliyoungua. Hiyo ikazama yote, radi ikatulia kwenye kioo.

"Mama, kifaa chako ni kizima," alisema. "Tatizo ni hili kava. Chaja za siku hizi zina shingo nene, zinakwama kwenye ngozi kabla hazijafika ndani. Umeme upo, chaja ndiyo haifiki."

Akaongeza kwamba ile nyembamba ni yake ya kupimia, haiuzi, lakini dawa ni rahisi: anakata hapa kidogo na pale kidogo. Wembe ulikuwa tayari mkononi. Mkunga alikivuta kishikwambi kutoka mezani kwa kasi ambayo hakuwa ameionyesha kwa miaka mingi, akasema kukata kwanza hapana.

Njiani alitembea polepole. Katika kazi yake aliwahi kuwatokea wanaume ukumbini na kuwaambia ni mapacha. Aliwahi kumwambia daktari mkuu, mbele ya watu, kwamba amesimama mahali pabaya. Maneno hayakuwahi kumpiga chenga. Ila kumwambia mkwe kwamba zawadi yake, ile aliyoishona kwa usiri na kuileta kwa mikono miwili, ndiyo inayowatoa jasho wote, na kwamba wauzaji wawili wametukanwa bure, hapo alihisi ulimi umekuwa mzito.

Akampigia binti yake simu, akamweleza yote, akamwomba amwambie mumewe. Binti alicheka mpaka akakohoa, kisha akakataa katakata.

"Mama, mimi naishi naye," alisema. "Wewe unaagana naye mlangoni. Mwambie wewe."

Alasiri mkwe akaja, na uso wake ulikuwa unang'aa. Alikuwa amepanda basi mpaka upande wa pili wa mji, akapata chaja ambayo aliyemuuzia alikula yamini kwamba haijawahi kurudishwa. Akaichomeka mwenyewe. Wakatazama kioo, na kioo kikawatazama. Akaichomoa, akaipuliza, akageuza upande, akaichomeka tena. Kisha uso ukamshuka, akakaa chini, safari hii bila hata kuutafuta ukingo.

Mkunga alijaribu kuzunguka mbuyu. Alisema labda chaja zimenenepa siku hizi. Mkwe akakubali kwamba kila kitu siku hizi ni kibovu. Alisema labda kuna kitu kinazuia. Mkwe akasema ndiyo, ni kiwanda. Na kwa kuwa ameshachoka na kiwanda, kesho atakipeleka kwa fundi mmoja anayemfahamu, kifunguliwe, kitolewe tundu lile la chaji na kuwekwa jingine.

Hapo Mkunga aliona kishikwambi chake kimelazwa mezani kwa mtu kikiwa matumbo nje, bila ugonjwa wowote. Akapiga moyo konde.

"Baba, usikipasue, hakiumwi. Chaja zinakwama kwenye ngozi, hazifiki mwisho. Kava ndilo linazizuia."

 Mkwe alikichukua kishikwambi, akakiweka magotini, akapitisha dole gumba kwenye kile kitundu, mara moja, mara mbili, kama anavyopima kisigino cha kiatu.

"Mama amejua lini?"

"Leo asubuhi. Nimekuwa nikitafuta pa kuanzia."

"Mimi nilijua tangu ile yenye taa ya bluu," alisema mkwe, macho chini. "Mkono wangu ulisikia kwamba haijaingia. Nikasema haiwezekani, nimepima mwenyewe. Kumbe nilipimia ile chaja ya zamani."

 Kisha Mkunga akaanza kucheka. Alijitahidi kukibana kicheko, akajifanya anafuta miwani, kikamponyoka. Mkwe alimtazama kwa mshangao, mdomo ukamcheza, na mwisho naye akacheka, kicheko kikubwa cha kifuani ambacho nyumba ile ilikuwa haijawahi kukisikia. Alicheka akitaja maneno aliyomwambia mtu wa duka la kona, na kila neno lilimfanya Mkunga ashike ubavu.

Walihamia dirishani kwenye mwanga. Mkwe akatoa mfukoni sindano na kisu chake kidogo, vitu ambavyo havimtoki hata siku ya kanisani au ya msibani. Hakutaka kukata pale tundu lilipo. Ngozi ikikatwa imevaliwa, alisema, hupasuka baadaye. Akaanza kufumua ule upande mmoja, mshono baada ya mshono. Mkunga akamshikia kishikwambi, na bila kujijua akaanza kumwelekeza kwa sauti yake ya wodini: taratibu, usivute, subiri ije yenyewe, haya sasa, hivyo hivyo.

"Mama, hii ni ngozi, si mtoto," alisema mkwe.

"Nyamaza usukume," alisema Mkunga.

Upande ule ulipofunguka, mkwe aliinua pindo la ngozi na kuchomeka chaja aliyoinunua siku ile. Radi ikatokea, na safari hii ikakaa. Baada ya kitambo kishikwambi kikaamka, na pamoja nacho ujumbe wa dada, mfululizo, wa kwanza ukiuliza habari za afya na wa mwisho ukitangaza kwamba mchezo umehesabiwa kuwa ushindi wake kwa sababu ya utoro. Mkunga aliusoma wote kwa sauti. Mkwe, akiwa amekunja mguu kwenye kiti kama mtu wa nyumbani, alikuwa akichonga mdomo mpya wa tundu, mpana wa kutosha hata chaja yenye shingo ya ng'ombe, na kuupiga mshono pembeni usije ukafumuka.

Alipomaliza, aliziweka chaja zake tatu mezani, akazitazama, akasema hana budi kwenda kuwaomba radhi wale watu wawili leo leo, kabla hajapata usingizi na kubadili nia. Alisema angefurahi kama mama angemsindikiza. Mkunga akavaa viatu.

Muuzaji wa kona alipowaona wanakuja alikunja uso na kufunga droo ya pesa, tayari kwa mzozo. Mkwe akasimama mbele ya kaunta, akakohoa, akamwambia kwamba chaja yake ni nzima, kwamba kava alishona yeye, na kwamba yale maneno ya siku ile anayarudisha yote. Muuzaji hakuamini. Akataka aelezwe tena kutoka mwanzo, akamwita na mwenzake aliyekuwa ndani aje asikie. Mkwe akaeleza tena, kwa mikono, akionyesha shingo ya chaja na unene wa ngozi, na mara hii akaongeza kipande cha kiwanda na wivu wake. Walipoagana, muuzaji alikuwa amekataa kuipokea chaja aliyokuja nayo kumwachia kama fidia, akamtaka abaki nayo, na mkwe alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa mkono wa shati. Akampisha mama mkwe wake atangulie kwenye ngazi, kisha wakavuka barabara kuelekea duka la vifaa vya redio.