Mashine ya Kutafuta Watu

Mashine yenyewe ilikuwa mimi. Katika mashindano haya ya wikendi ya kubuni huduma, muda hautoshi kutengeneza kitu cha kweli. Kwa hiyo mnamficha mtu afanye kazi ya mashine, mnaita wananchi wajaribu, mnaangalia wanakwama wapi. Kundi letu lilibuni huduma ya simu ya kutafuta ndugu waliopotea. Mimi, Mwanabaraka, binti wa duka la vitenge Singida mjini, nikawekwa nyuma ya kanga iliyotundikwa kwenye kona ya darasa huko Misigiri, simu yangu mkononi. Mwananchi anakaa upande wa pili na simu ya Gerald, ambayo imeshaunganishwa na yangu. Anauliza, namjibu kwa sauti kavu kama ya mashine.

Gerald ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, mtu wa maneno mengi na tai hata Jumamosi. Calist, Mnyiramba wa hapohapo, alituletea watu. Asubuhi ilikuwa raha tupu. Kijana mmoja alimtafuta mchumba aliyemkimbia, nusura nicheke nijifichue mwenyewe.

Mchana akaja Mama Emilian. Mwanawe alikuwa amekwenda kwenye machimbo ya dhahabu, shimo likaporomoka, na yeye na wenzake hawajapatikana mpaka leo. Ukoo ulimsukuma aweke matanga yaishe. Akagoma, akisema hawezi kumlilia mtu ambaye hakuna aliyemthibitishia kwamba amekufa. Sasa jirani kamwambia pale shuleni kuna mashine inayopata watu, akaja kwa miguu.

Gerald alipochungulia nyuma ya kanga, nikamnong'oneza amwambie ni majaribio tu. Akasema hapana, tutaharibu matokeo. Hasira zikanipanda. Nikakata simu, nikaizima kabisa, nikatokea mlango wa nyuma kwenda bombani, maana ningebaki ningemtukana. Nikanawa uso. Nikaamua nizungukie mlango wa mbele nimwambie yule mama mwenyewe, tukishindwa mashindano potelea mbali.

Nilipofika mlangoni nilimkuta anaongea na simu. Kwa Kinyiramba, taratibu. Anasikiliza, anajibu, anasikiliza tena. Gerald alikuwa amesimama dirishani, anatabasamu, ameielekezea ile kanga dole gumba kunipongeza. Kisha akageuka, akaniona mlangoni. Tabasamu likamtoka, dole likabaki hewani.

Kinyiramba sikijui. Calist akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama anauliza kama huko kuna giza, na kama mguu bado unamuuma.

Nikaenda kuifunua kanga. Kulikuwa na kiti changu tu. Niliitazama simu yangu, ilikuwa imezima vilevile nilivyoizima.

Mama Emilian akamaliza. Akaiweka simu mezani kwa mikono miwili, akajifuta uso. Mimi nilikuwa nimerudi kumwambia ukweli, na sasa sikuwa na ukweli wa kumwambia. Nikapiga goti, nikasema tu, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko zetu zote. "Amesema nimlilie. Anasema nimemchelewesha mno, amechoka kusubiri."

Alisema matanga yataanza leo hii, na ukoo usimuulize kaambiwa na nani. Calist alikuwa ameshaanza kulia. Gerald, nadhani kwa kukosa la kufanya, akanyoosha mkono achukue simu yake.

Mama akaufunika mkono wa Gerald kwa kiganja chake, bila ukali.

"Iache hapo, baba. Wenzake wako nyuma yake, wanangoja zamu. Nakwenda kuwaita mama zao."

Gerald akarudisha mkono.