Shimo Lililotokezea Ikwiriri

Alhamisi ile, baada ya sala ya alasiri, Mwanaamina alikuwa akikaanga mihogo nyuma ya ghala la ufuta pale Ikwiriri, hatua kumi tu kutoka banda la video la Swalehe. Banda ni la mabati, kwa hiyo filamu zote alizisikia bila kuziona. Siku hiyo ilikuwa zamu ya ile ya wazee wawili wanaotoroka gerezani. Enzi za ujana wao wazee hao walipiga watu katika filamu nyingi sana. Sasa walikuwa na mvi na vitambi vilivyobanwa kwa mikanda, na bado waliendelea kupiga watu, ila kwa kupumzika kidogo kati ya mtu na mtu.

Swalehe ndiye mtafsiri. Hukaa pembeni na maiki, akawasemea wote, askari kwa wafungwa, na majina huwapa yeye. Hawa aliwaita Mzee Kifua na Mzee Shingo. Mtafsiri ana mwiko mmoja: picha ikiganda, yeye asigande, maana akinyamaza watu huanza kupiga mabati. Picha ikaganda wazee wakiwa shimoni, wamelala kifudifudi. Katika filamu yenyewe shimo hutokea bandarini, penye meli. Swalehe akaitoa diski, akaifuta kwa shati huku mdomo ukiendelea, na akasema lililomjia. "Wanatambaa, wanatambaa, haooo! Wanatokezea hapa hapa Ikwiriri, nyuma ya ghala la ufuta!"

Wakatokezea. Udongo ulifumuka karibu na jiko, Mwanaamina akasogeza karai ili mafuta yasiingie mchanga. Mzee Kifua alitoka wa kwanza, kisha yeye na Mwanaamina wakasaidiana kumvuta Mzee Shingo, ambaye goti lilikuwa limemkatalia.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, mwanangu. Una maji ya kunywa?"

Walisema Kiswahili cha Ikwiriri, wote wawili kwa sauti ya Swalehe, kwa kuwa hawakuwa na nyingine. Swalehe mwenyewe alitoka, akawaona, akaomba radhi. Alirudi ndani akajaribu kutangaza kwamba wametokea melini, lakini watu walikwisha kusikia la kwanza, na wazee wakabaki pale pale walipokuwa. Filamu ikaendelea bila wao. Askari walikimbia, mbwa wakanusa, taa zikamulika chumba kitupu. Watazamaji waliipenda hivyo pia, na kesho yake banda likajaa kuliko siku zote.

Mwanaamina aliwapa mihogo, na mafuta ya ufuta ya kuchulia magoti. Walipokwisha kula akawauliza kazi yao hasa ni ipi.

"Kutoroka," akasema Mzee Kifua.

"Na kumtoa mtu mwingine, je?"

"Hilo pia tunaliweza. Linachelewa kidogo tu, kwa ajili ya magoti."

Basi akawaeleza. Mumewe, Bashiru, alikuwa dereva wa bodaboda. Siku moja alipakia abiria mwenye begi. Walipokaribia kizuizi cha barabarani, abiria akaomba kushuka ajisaidie, akaingia kichakani, na hajatoka mpaka leo. Begi lilibaki kwenye pikipiki, na ndani yake mlikuwa na meno ya kiboko. Bashiru akaambiwa kosa lake ni uhujumu uchumi, halina dhamana, na mahakama anayopelekwa haina mamlaka ya kulisikiliza, hivyo asijibu lolote. Kila baada ya siku kumi na nne hupelekwa kutojibu lolote. Huu ulikuwa mwaka wa nne. Alipokamatwa, binti yao Warda alikuwa angali ananyonya. Sasa anakwenda chuo cha Kurani, na baba yake hajamwona ila kwa matundu ya wavu. Mwanaamina alimtaka mumewe nyumbani, na njia ya kumleta hakuichagua tena.

Jumamosi, siku ya kutembelea, walikwenda wote watatu. Wazee waliuzunguka ukuta wa gereza mara moja, polepole, mikono nyuma, kama watu waliokuja kutazama kiwanja. Kisha wakaingia wakasimama penye wavu.

"Dakika kumi," Mzee Shingo alimnong'oneza Bashiru. "Ukuta mfupi, udongo laini, mbwa hamna."

Bashiru akawashukuru sana, akakataa.

"Baba Warda!" akasema Mwanaamina.

"Nikitokea shimoni, Mama Warda, yale meno yatakuwa yangu. Mie nataka nitoke mlangoni, mchana, watu wananiona."

"Na mlango wenyewe usipofunguliwa?"

"Upelelezi utakamilika tu."

Mwanaamina alikasirika. Ukaidi huo ndio uliomfanya akubali kuolewa naye, na siku hiyo aliuchukia, akaondoka bila kuaga.

Wakirudi, basi lilisimamishwa kizuizini. Askari akapanda akaomba vitambulisho, na wazee hawakuwa navyo.

"Mmetokea wapi?"

"Kwenye filamu," akasema Mzee Kifua.

Askari akaandika. "Wilaya?"

Wazee walitazamana. Askari akasubiri kwa adabu, na lilipokosekana jibu akawaomba washuke, akamshika mkono Mzee Shingo asije akateleza kwenye ngazi. Kufikia magharibi walikuwa mahabusu, chumba kimoja na Bashiru, upelelezi wa wilaya yao ukiendelea.

Ikwiriri hakuna aliyepata wasiwasi. Swalehe alisema haifiki Jumatano watakuwa wametoka. Jumanne alasiri udongo ukafumuka tena karibu na jiko.

"Dakika kumi na mbili," akasema Mzee Kifua, akiona haya kidogo.

Jumamosi iliyofuata Mwanaamina alikuta lango limefungwa kwa watembeleaji. Askari wa langoni alimweleza bila ukali wowote. Mahabusu wawili hawapo, na mpaka wapatikane hakuna mahabusu atakayeonwa wala kuletewa chakula. Tena Bashiru, kwa kuwa alilala nao chumba kimoja, ameongezewa shitaka la kusaidia watu kutoroka. Mwanaamina akarudi na chakula chake, wali umekwisha kuganda.

Wazee aliwakuta ghalani wanapepeta ufuta. Walikuwa wameanza kuuweza. Aliwaeleza yote, likabaki la mwisho, lililomwia vigumu kulitamka.

"Wazee wangu," akasema, "nisameheni. Rudini."

Mzee Shingo aliuliza wapite mlangoni au shimoni. Wakapatana shimoni, kwani mlangoni anayeingia kukaa hudaiwa kitambulisho. Waliingia mmoja mmoja, Mwanaamina akizisukuma nyayo zao, na huku akijichukia kwa kila msukumo. Walipofika ndani walifukia shimo, wakafagia. Askari wa zamu aliwahesabu, hesabu ikatimia, akawasifu kwa usafi. Lango likafunguliwa kwa watembeleaji. Shitaka jipya la Bashiru halikufutwa, kwa kuwa lilikwisha kufunguliwa jalada, nalo lina upelelezi wake.

Siku ya mahakama waliletwa wote, wakakaa benchi moja, Bashiru katikati. Mwendesha mashitaka alisema upelelezi haujakamilika, wa meno, wa kutoroka na wa wilaya. Mzee Shingo akasimama akauliza mambo haya huisha baada ya muda gani. Hakimu akamwambia kwa upole kwamba hatakiwi kujibu lolote.

"Sikujibu, mheshimiwa. Nimeuliza."

"Wala kuuliza."

Mzee Shingo akakaa. Hakimu akataja tarehe ya siku kumi na nne mbele. Karani akamkumbusha kuwa hiyo itaangukia Idi. Hakimu akafungua kalenda, akaongeza wiki mbili nyingine.

Mwanaamina alilia pale pale, kwa sauti, mbele za watu. Hakuna aliyemkataza. Bashiru alimtazama mpaka alipopandishwa garini, na wazee wakamfuata, wakishikana mikono kwa sababu ya ngazi.

Alipojifuta uso alimwendea askari wa gereza aliyebaki, akamuuliza kama siku ya Idi wanaruhusu pilau.

"Tunaruhusu, dada. Ila nyama isiwe na mifupa. Siku hizi tuna wachimbaji kule ndani."

Mwanaamina alimshukuru. Siku moja kabla ya Idi alikwenda buchani asubuhi na mapema, akaagiza steki tupu, ya watu watatu.