Vifaru katika Mihogo ya Mama

Mwalimu Kazadi anafundisha vita vya zamani vya mji wetu kwa mchezo wa kompyuta. Alimwambia mdogo wangu Elie kwamba asipokiteka kilima cha Kikula atarudia darasa. Mama akaenda shuleni kumwombea. Alipokiona kilima kwenye kioo cha kompyuta, alishtuka. Ndipo ilipo nyumba yetu.

“Weye Elie! Bifaru unapitisha mu mihogo yangu?”

“Mama Georgette, ni vita ya zamani,” alisema mwalimu. “Nyumba yenu ilikuwa haiyajengwa bado.”

“Hata! Bapite mu barabara, kama bantu bote.”

Elie akavirudisha vifaru barabarani. Wenzake waliocheza jeshi la pili nao wakakumbuka shangazi zao wanaokaa pale. Majeshi yote mawili yakapanga foleni kama malori ya shaba, hadi kengele ikalia. Kompyuta ikaandika kwamba hakuna mshindi wala aliyekufa.

Mwalimu alishika kichwa. “Sasa kilima nani amekiteka?”

“Ile kilima ni ya nani?” Mama aliuliza.

“Ni… ya kwenu, Mama.”

“Na Elie ni mutoto ya nani?”

Elie amepanda darasa.