Matanga ya Golikipa

Wanawake wa kambi ya polisi ya Naguru walikuwa wamemkatia tamaa Akwero, wala hawakumficha. Mtoto wa kike wa miaka kumi na mitatu, kutwa yuko juu ya paa anafuata mpira, magoti yamechubuka, sauti kama ya sajini, na akigombana na wavulana hakimbilii kushtaki kama wenzake, anawapiga. Hilo la mwisho ndilo lililowaudhi zaidi mama wa wavulana. Jikedume, walimwita. "Huyu ataolewa na nani?" walimuuliza mama yake, Alanyo, kwenye foleni ya bomba. Naye Alanyo, mwenye ulimi usiojua kukaa na deni la maneno, aliwajibu, "Kwanza munionyeshe aliyeolewa vizuri hapa." Kila mmoja akageukia ndoo yake.

Akwero mwenyewe alitaka kitu kimoja tu duniani: kusimama golini. Vazi lake la kazi hiyo lilikuwa kaptura ya kaki, ambayo mama yake aliikata kutoka suruali kuukuu ya baba yake, Konstebo Oloya. Ilimfika magotini na ilikuwa na mfuko mmoja uliotoboka. Angepewa achague kati ya kaptura ile na meno yake ya mbele, meno yangekuwa mashakani.

Ndipo redio ikatangaza kwamba ni marufuku mwanamke kuvaa suruali katika nchi hii. Sketi fupi zilikuwa zimekwisha kupigwa marufuku, na mawigi pia. Sukari ilikuwa haionekani, sabuni haionekani, chumvi unaisikia kwa jirani. Watu nao walikuwa hawaonekani, leo huyu, wiki ijayo yule. Lakini serikali, kwa jicho lake lisilolala, ilikuwa imeona mapaja. Askari wakajipanga barabarani Bukoto wakipima nguo za wanawake kwa macho na, penye shaka, kwa mkono.

Alanyo akaificha kaptura chini ya godoro. Akwero akalia kwa hasira siku nzima, yeye ambaye hakulia hata alipovunjika kidole.

Katika nyumba ya pili, waliyotenganishwa nayo na ukuta mmoja, aliishi Safinah. Mumewe Dawudi alikuwa dereva wa polisi mpaka asubuhi ile watu wa miwani myeusi walipomfungia ndani ya buti la gari, mchana kweupe, mbele ya kambi nzima ya watu waliosomea kazi ya kukamata wahalifu. Hakuna aliyeuliza. Safinah hakuruhusiwa hata kuweka matanga. Kulia kwa sauti kulikuwa sawa na kusema kwamba serikali imeua, na serikali haikuua mtu. Watu walitoweka wenyewe tu. Basi kila Jumamosi Safinah alilifua shati la Dawudi, lile la bluu la Sikukuu ya Idi, akalianika na kulipiga pasi. Mpira wa Akwero uliwahi kulichafua shati lile kambani. Safinah hakumgombeza. Alilishusha, akalifua upya, na Akwero akajisikia vibaya kuliko kama angechapwa.

Sasa, Meja mmoja wa jeshi alikuwa na mtoto aliyependa mpira, na alitaka timu ya vijana wa jeshi icheze na vijana wa Naguru. Naguru ilikuwa na timu lakini haikuwa na golikipa. Odur, golikipa wao, alikuwa ameikimbia nchi kwa mpaka wa Busia na familia yake yote bila kumuaga mtu. Sajini Wahabi, mwalimu wa timu, akaenda kwa Oloya.

"Konstebo, mimi nataka hii mutoto yako."

"Afande, yeye ni musichana. Na redio imesema..."

"Redio imesema mwanamuke. Redio haikusema golikipa." Wahabi akamtazama Akwero, kichwa kimenyolewa kama cha wanafunzi wote, kifua ubao. "Wallahi, nani atajua? Leo jina yake Opoka. Sisi tukifungwa mbele ya Meja, mutalala mukifikiri Meja anafikiri nini?"

Oloya hakupenda usiku wa namna hiyo. Kaptura ikatoka chini ya godoro, na Akwero akaivaa kabla baba yake hajamaliza kukubali.

Meja alikaa kwenye kochi lililobebwa kutoka ofisini, akapewa mwavuli na mtu wa kuushika. Mpira ulikwenda vizuri, maana yake timu ya jeshi ilicheza rafu na refa alitazama mawingu. Karibu na mwisho refa akakumbuka kwamba vijana wa jeshi bado hawajafunga, akawapa penalti. Mtoto wa Meja akapiga, Akwero akadaka. Refa akasema filimbi haikulia vizuri, ipigwe tena. Akwero akadaka tena. Refa akasema upepo. Wakati huo Oloya alikuwa anamwomba Mungu mtoto wake ashindwe, ombi ambalo hakuwahi kulifikiria. Mpira ukapigwa. Akwero alikuwa hewani kabla haujaondoka, akautoa kwa ncha za vidole. Alipoanguka, mdomo umejaa vumbi, alicheka peke yake. Hakuwahi kuwa na furaha kama ile.

Meja akainuka. Watu wakatafuta kwa macho njia za kukimbilia. Lakini Meja alikuwa anapiga makofi.

"Hii kijana ya nani?"

"Ya mimi, Afande," alisema Oloya, kwa sauti iliyotoka magotini.

"Mutoto yangu ni kuku. Hii ni simba! Jumatatu nakuja na lori, namupeleka jeshi. Atakaa na vijana yangu kambini, atalala huko, atakula huko. Unasikia?"

"Ndiyo, Afande. Asante, Afande."

Nyumbani, Oloya alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akahesabu njia za kufa. Akimtoa binti yake, atakwenda kulala kambini na wanajeshi, na siku akivuliwa shati tu ndio mwisho wao wote. Akisema kweli, basi ameidanganya serikali, amevunja amri ya suruali, na zaidi ya yote ametangaza kwamba mtoto wa Meja ameshindwa na msichana.

"Mimi nitaenda," alisema Akwero. "Huko kuna goli ya chuma."

"Nyamaza!" Kofi la Alanyo lilifika kabla ya neno. Kisha mama mtu akaketi, akautazama ule ukuta wa kwa Safinah. "Tangu Dawudi achukuliwe," alisema polepole, "nani ameuliza alipelekwa wapi?"

Oloya akainamisha kichwa.

"Hata wewe, polisi, haukuuliza. Basi. Opoka amechukuliwa."

Jumatatu Meja alikuja na lori kama alivyoahidi, akaingia ndani na kuketi. Oloya akapiga saluti, na machozi aliyokuwa nayo hayakuwa ya kuigiza, maana hofu nayo inatoa machozi.

"Afande, kijana amechukuliwa. Jana. Gari ilikuja, watu ya miwani nyeusi."

Meja, mtu yule aliyekuwa na lori, bastola na askari nyuma yake, alitazama kulia, akatazama kushoto, akashusha sauti. "Gari namba gani?" Halafu upesi, "Hapana! Usiniambie." Huenda gari lilikuwa la ofisi iliyo chini yake, huenda la ofisi iliyo juu yake. Mtu mwenye akili hapandi ngazi ambayo hajui inaishia wapi.

Akwero akaingia na maji ya kunywa. Amevalishwa gomesi ya mama yake, lile vazi refu la kike lenye mkanda kiunoni, kitambaa kichwani, akapiga magoti kama mtoto aliyelelewa. Meja akachukua bilauri na macho yake yakabaki kwenye ile mikono iliyochubuka.

"Na hii?"

"Dada yake, Afande," alisema Alanyo. "Analima."

Meja akanywa maji yote. "Wanafanana sana," alisema. "Pole, mama." Akasimama, akafikiri, na hofu yake ikazaa wema, maana hakutaka kambi iseme kwamba ni yeye aliyemchukua kijana aliyemsifu mbele za watu. Mlangoni akapaza sauti wote wasikie: "Hii mama alie! Weka matanga. Mimi Meja nimeruhusu!" Jioni akaleta gunia la sukari.

Kwa sababu ya sukari watu walikuja mpaka kutoka Ggaba, upande wa pili wa mji. Walikuja na vikombe vyao. Kambi nzima ilijua Opoka ni nani, nao waliomjua ndio waliomsifu kwa nguvu zaidi, huku wakimpitishia marehemu sinia la chai aligawe. Sajini Wahabi alitoa hotuba kuhusu ile penalti na akalia kweli, kwa kuwa golikipa mwingine hakuwa naye.

Kisha Safinah akaja. Hakuchukua kikombe. Alikaa chini kati ya wanawake, akafunika uso, akaanza polepole.

"Opoka, ulisema utarudi kula mchana. Opoka, watoto wanauliza. Nani atawajibu?"

Wanawake wakageuka. Opoka wa miaka kumi na mitatu hakuwa na watoto. Hakuna aliyesahihisha. Mwingine pale kando akapokea: Opoka, ulitoka na viatu vipya. Mwingine: Opoka, kikohozi chako nakisikia bado mlangoni. Mpaka jua linainama, kijana ambaye hakuwahi kuzaliwa alikuwa na masharubu, jino la dhahabu, duka Bukoto na wajane sita, na kilio kilishuka mlima mzima. Wapelelezi walikuwapo, bila shaka. Wataandika nini? Meja ameruhusu. Mmoja wao alikuwa analia.

Mwili usipopatikana, walisema wazee wa kwao, huzikwa kitu cha mtu. Oloya akachimba shimo dogo nyuma ya nyumba, na Alanyo akaileta kaptura ya kaki, imekunjwa. Akwero hakuhangaika sana. Alikwisha kupanga: kesho, watu wakiondoka, ataifukua. Angeivaa wapi hakujua, lakini ilikuwa yake.

Kaptura ikawekwa shimoni. Ndipo Safinah akasogea, akatoa kitu chini ya leso yake na kukilaza juu ya kaptura, akakinyoosha kola kwa vidole. Lilikuwa shati la bluu, limepigwa pasi.

Akwero alisimama akilitazama lile shati lililoifunika kaptura yake. Safinah alikuwa amekaa mikono mitupu mapajani, kama mtu ambaye hajui tena Jumamosi atafanya nini.

Akwero akapiga magoti ndani ya ile gomesi aliyoichukia, akachota udongo kwa mikono yake miwili, akawa wa kwanza kufukia.